Mwalimu Ernesti Komba na Siku ya Kesho Yake

Tarehe 31 Disemba mwaka huu wa 1958, Mwalimu Ernesti Komba, Mwalimu Mkuu wa Shule ya Mwandusi, atastaafu baada ya kufundisha miaka thelathini katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Sherehe ya kumuaga itafanyika shuleni Alhamisi tarehe 11, mara tu baada ya kengele ya mchana. Mhariri wa Jarida letu ameniomba niandike wasifu wake kwa adabu. Nimemjibu kwamba amekosea mtu. Mimi, Timotheo Mihayo, ni Mnyamwezi. Mwalimu Ernesti ni Mngoni. Tangu lini Mngoni akaandikwa kwa adabu na mtani wake? Kweli nitaisema yote, adabu aitafute kwa wengine.

Kwa wasomaji wa mjini walioanza kusahau mambo haya, mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kuingia kwako na kutoka na jogoo, hata kukuchekesha ukiwa matangani. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukinuna, aibu ni yako. Nayataja haya mapema kwa sababu kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya Mwalimu huyu isingewezekana bila utani, na nikifika huko sitaki mtu aniulize ninazungumza nini.

Alifika Tanga mwaka 1927 pamoja na baba yake, wakitoka Songea kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Alikwishasoma kwa mapadri kwao, lakini shambani hakuna aliyemwuliza amesoma nini, alipewa panga. Alikata mkonge kwa muda mfupi na vibaya mno. Marehemu baba yake alikuwa akisema kwamba wenzake walikuwa wakikata mkonge, lakini Ernesti ni mkonge uliokuwa ukimkata yeye. Jioni alikusanya watoto wa kambi kwenye banda la kamba akawafundisha kusoma kwa mkaa na vipande vya mbao. Meneja wa shamba alipoona watoto wametulia na hawachezi tena karibu na mashine, akamwondoa kwenye panga. Januari 1929 akaandikwa mwalimu.

Mimi nilimkuta Mwandusi mwaka 1946, tayari akiwa Mwalimu Mkuu, na jambo la kwanza nililoliona ni kengele. Kengele yenyewe ni kipande cha reli kimening'inia kwenye mti wa mkungu, na nyundo yake ni msumari mkubwa wa reli hiyohiyo. Kila shule kengele hugongwa na kiranja. Mwandusi kengele hugongwa na Mwalimu Mkuu. Anagonga mvua ikinyesha. Anagonga akiwa na homa, amejifunika blanketi, mkewe akimpigia kelele kutoka mlangoni. Wakaguzi walimwambia kazi hiyo haimfai mtu wa cheo chake, akawapa chai. Mimi nilimwambia kwamba Wangoni wamezoea kupiga watu, na wakikosa watu hupiga chuma. Alicheka sana, na kesho yake akagonga kwa nguvu zaidi, dirishani kwangu.

Jambo la pili ni ukaidi wake wa kukataa uhamisho. Mara mbili alipewa shule kubwa ya mjini, na nyumba ya bati yenye bomba la maji upande wa Mabawa. Mara mbili akakataa. Alipoulizwa sababu alisema udongo wa Mwandusi umemkubali. Tulisema ni mihogo ya Mama. Mkewe Praxeda, ambaye hapa wote tunamwita Mama Kristina, analima mihogo ambayo hata mtani wake hana la kuisema. Kristina ni kifungua mimba wao, na sote tulijua ameolewa huko Songea. Mdogo wake, Kristofa, yuko kazini relini. Kwa hiyo ofisini kwetu Mwalimu Mkuu haitwi Mwalimu Mkuu. Anaitwa Baba Kristina.

Sasa tufike mwaka 1953, maana huko ndiko mvi zake zilikotoka.

Jumatatu moja ya Kwaresima, Mwalimu Noa Semvua, kijana wa Kizigua kutoka Mkwaja, alikuwa akiita majina ya darasa la pili. Alifika katikati akanyamaza. Akaiweka chaki mezani, taratibu, akatoka nje bila kofia, akashika njia ya Pangani kwa miguu. Watoto walimngoja mpaka mchana wakidhani amekwenda kujisaidia. Hakurudi.

Noa hakuwa wa kwanza kutuacha. Wengine walikwishaondoka shule nyingine za Jumuiya yetu ya Shule za Mashamba, ingawa wao walikuwa na heshima ya kuaga. Kamati ya Jumuiya ilikutana, na Mwenyekiti wa wakati ule akatoa hukumu kabla hajakaa vizuri kitini: ni uvivu, vijana wa siku hizi ni laini. Noa afutwe na anyang'anywe cheti, wengine wapate kujifunza. Maana yake kijana wa miaka ishirini na minne asingefundisha tena popote.

Mwalimu Ernesti akasimama. Alisema Noa si mvivu, na yeye kama mkuu wake hatatia sahihi mpaka aelezwe nini kilichompata. Mwenyekiti akamwuliza kwani yeye ndiye mwenye shule. Akajibu kwamba la, yeye ni mwenye kengele tu, na kengele ile haitamwita mtu mwingine akalie kiti cha Noa. Watu walicheka lakini yeye hakucheka. Walibishana mpaka Kamati ikachoka ikampa muda: kiti kibaki wazi hadi mwisho wa mwaka unaofuata, na ikifika siku hiyo bila maelezo ya maana, Noa aende zake na cheti kichukuliwe. Darasa la pili nani atalifundisha? Yeye mwenyewe, pamoja na lake. Alikubali papo hapo, bila kutuuliza sisi tuliojua tutabebeshwa nini.

Bahati ilitupendelea. Wakati huo alikuwa amefika Tanga Daktari Bertha, mama mrefu kutoka Ulaya, Mlutheri, mwenye Kiswahili cha vitabuni na heshima nyingi kupita kiasi. Siku ya kwanza aliwaamkia shikamoo hadi watoto wa darasa la kwanza, wakakimbia. Kazi yake ilikuwa kuchunguza nini kinachomlemea mtu kazini mpaka moyo unakatika, na nini kinachomfanya mwenzake asimame palepale alipoangukia yule. Huko kwao aliwachunguza wauguzi na watu wa reli. Aliomba ruhusa awachunguze walimu wa mashamba, na Mwenyekiti akaitoa bila kinyongo, maana haikumgharimu kitu. Mwalimu Ernesti aliona mlango. Daktari huyu akieleza kilichompata Noa, Kamati itasikiliza.

Basi tukaitwa mmoja mmoja kwenye ofisi ya shamba. Mlango unafungwa. Daktari anakaa na kalamu upande ule, wewe upande huu. Je, unalala vizuri? Je, unaona kazi inakuzidi? Je, una hofu? Maswali yalikuwa yametafsiriwa safi kabisa, na majibu yetu yalikuwa safi vilevile. Sijambo, Daktari. Sina neno. Namshukuru Mungu. Mwalimu Lea Shemdoe, Mshambaa wetu wa darasa la kwanza, ambaye wiki ileile upepo ulikuwa umeezua nyumba yake, alisema nyumbani kwema. Mwalimu Ernesti, aliyekuwa akifundisha madarasa mawili kwa sauti moja iliyokauka, alisema hajambo kabisa.

Jamani, mtu wa kwetu hafungiwi chumbani na mgeni mwenye kalamu akaanza kumwaga shida zake. Huko si kuulizwa, huko ni kushtakiwa. Hatukumdanganya Daktari. Tulimwitikia, kama mtu anavyoitikia akiulizwa habari za asubuhi hata kama asubuhi hiyo amefiwa.

Matokeo yakatoka. Walimu wa mashamba ya mkonge walikuwa wazima wa moyo kuliko watu wote ambao Daktari amewahi kuwachunguza. Mwenyekiti alifurahi mno. Ikiwa wenzake wote ni wazima, basi Noa ni mvivu, na ni mvivu peke yake. Tulikuwa tumemzika kijana wa watu kwa mikono yetu, na kila mmoja alilijua hilo.

Mwalimu Ernesti alipanda baiskeli akaenda kwa Daktari mjini. Alimwambia kwamba watu hawana kosa, ila maswali yameingia kwa mlango usio wao. Yametungwa na watu wasiotujua, kwa ajili ya watu wasio sisi. Tuyatunge upya, sisi walimu na wewe. Daktari alipandwa na hasira, na mimi simlaumu. Alisema maswali yale ameyafanyia kazi miaka mingi, na hajaona popote anayechunguzwa akipewa kalamu. Mwalimu Ernesti akamwambia basi sawa, arudi kwao awape habari kwamba walimu wa Tanga hawana shida yoyote, aone kama yeye mwenyewe ataziamini. Daktari akavua miwani, akaifuta, akauliza tunaanza lini. Akaambiwa Jumamosi.

Tulikutana Mabawa, nyuma ya duka la Bwana Esmailji Kassamali, mfanyabiashara wa nguo na mjumbe wa Kamati. Alitupa stoo bure. Tulikaa juu ya marobota ya vitambaa vya marekani, mkewe Bi Sugra akatuletea chai ya iliki na bajia za moto, na Bwana Esmailji mwenyewe akakaa mlangoni akijifanya anakunja vitambaa. Alivikunja Jumamosi nzima. Vitambaa vile vilikunjwa kuliko vyote vya Tanga.

Kutunga uchunguzi si kazi ya kitoto. Tuligombana. Lea alilikataa swali la kama mtu anafurahia kazi yake. Alisema swali hilo likitoka kwenye mdomo wa mwenye kalamu ni swali la mwajiri, na mwajiri hujibiwa ndiyo. Tulitaka kila mtu aulizwe kwa namna yake. Daktari akagonga robota kwa ngumi akasema la, maswali yawe yaleyale kwa wote, la sivyo hatutajua tumepima nini, na Kamati itatucheka. Alikuwa na haki, na Mwalimu Ernesti ndiye aliyetunyamazisha. Lea naye akashinda kwa lake: nusu ya maswali yasihusu mzigo, yahusu nini kilichomshika mtu mkono asianguke. Alisema kumwuliza mtu shida zake tupu halafu ukamwacha ni kumtwisha mara ya pili.

Lakini hata yangekuwa maswali mazuri namna gani, nani angeyajibu? Hapo tulikwama. Jumamosi iliyofuata Mwalimu Ernesti aliingia macho mekundu. Mimi mtani wake ningenyamazaje? Nikamwuliza mbele za watu, wee Mngoni, macho hayo umelia au umelewa? Stoo nzima ikacheka, naye akacheka, na ndani ya kicheko kilekile akasema kwamba pombe hajagusa. Tangu Noa aondoke huamka kabla ya jogoo na usingizi haurudi, maana anawaza nani atafuata, na asubuhi nyingine anadhani atakayefuata ni yeye.

Kicheko kikakatika. Lea akaweka kikombe chini akamgeukia Daktari. Alimkumbusha kwamba swali hilohilo la usingizi alimwuliza mtu huyuhuyu mezani pake, akaambiwa hajambo kabisa. Daktari hakuwa na haja ya kukumbushwa. Alikuwa amekwishasimama, anatuuliza mtani ni nini, na nani ni mtani wa nani, haraka haraka, Kiswahili chake cha vitabuni kikimponyoka.

Hivyo ndivyo uchunguzi wetu ulivyopata miguu. Kila mwalimu ataulizwa na mtani wake. Sisi Wanyamwezi tuwaulize Wangoni na Wazigua, Wadigo wawaulize Wasegeju, na asiye na mtani karibu aulizwe na shemeji yake. Lea aliulizwa na shemeji, ambaye alifurahia kazi ile kupita kiasi. Matusi ni huru, lakini swali lisibadilishwe hata neno. Jina la mtu lisiandikwe. Na Daktari akaongeza sharti ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Alisema katika utani watu hutia chumvi, kwa hiyo kesho yake mtani arudi, safari hii bila mzaha, aulize neno moja: uliyosema jana yabaki au yafutwe? Akisema yafutwe, yanafutwa, na haulizwi kwa nini.

Kabla hatujaanza, Mwalimu Ernesti akasema kuna mmoja lazima aulizwe wa kwanza. Mimi na yeye tukapanda basi mpaka Pangani, tukavuka mto kwa pantoni, tukapata lori la nazi hadi Mkwaja. Noa tulimkuta uani kwa mama yake, anasuka ukuti. Mama yake alisema tangu arudi hazungumzi, anaitikia tu. Mwalimu Ernesti alitaka kuingia kwa upole na pole. Nikamshika shati nikamwambia huyu ni mtani wangu, Mngoni kaa pembeni. Nikaingia kwa kelele, Wazigua mmejificha wapi, babu zangu walifika pwani na mizigo kichwani mkawanyima maji, leo nimekuja kuchukua deni. Nikamkamata jogoo. Yule mama, Mungu ampe umri, akanielewa palepale, akachukua mchi wa kinu akanikimbiza. Tulizunguka nyumba, mimi na jogoo mbele, yeye na mchi nyuma.

Noa akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea, na hapo akasema.

Padri huja mashambani mara moja kwa mwezi, na maiti hamngoji padri. Kwa hiyo Mkristo akifa kambini, mwalimu ndiye husoma sala na kuzika. Kila mwalimu wa shamba anajua hivyo; ni desturi, hakuna aliyewahi kuihesabu kuwa kazi. Mwaka ule surua iliingia Mwandusi, na kambi ya Noa ndiyo iliyopigwa zaidi. Alizika watoto tangu Kwaresima ilipoanza. Jumapili ile alimzika Ruthi, mwanafunzi wake mwenyewe, aliyekaa dawati la mbele. Jumatatu akafungua kitabu cha mahudhurio, akaita majina, akalifikia jina la Ruthi. Hakuweza kuliita. Hakuweza kuliruka. Kulikata kwa kalamu mkono ulikataa. Ndipo akaiweka chaki.

Mwalimu Ernesti alisikiliza akiwa amesimama. Noa alipomaliza, alitoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba muda mrefu, na mimi nilidhani anamhurumia kijana. Tukirudi, kwenye pantoni, akitazama maji, akaniambia niongeze swali, liwe la nne: umemzika nani, na kesho yake ulifanya nini?

Tuliwauliza walimu wote wa Jumuiya. Majibu ya lile swali la nne siwezi kuyasahau. Karibu wote walikuwa wamezika, na karibu wote kesho yake walifundisha. Nilifundisha hesabu. Nilifundisha kuimba. Mmoja alisema, niliwachapa watoto bila kosa, na mpaka leo sijui kwa nini. Tuliporudi kuwauliza yabaki au yafutwe, karibu wote walisema yabaki. Na nini kiliwashika mkono? Wengi walitaja mwenzao mmoja aliyekaa nao bila kusema neno. Daktari Bertha alipokuwa akijumlisha majibu kwenye stoo ya Bwana Esmailji alilia, na hakujificha.

Ni mtu mmoja tu aliyeruka swali hilo. Nilipomwuliza Mwalimu Ernesti, alijibu yote kwa vichekesho mpaka tukafika la nne. Hapo akaniambia, Mnyamwezi, nenda la tano. Sheria ilikuwa sheria: asiyetaka kujibu hasukumwi. Nikaenda la tano.

Novemba 1954, ukiwa umebaki muda mfupi kiti cha Noa kifutwe, tulikwenda mbele ya Kamati. Mwenyekiti alisoma ukurasa wa kwanza akauliza huu ni uchunguzi au ni ngoma. Walimu wanatukanana halafu tunaambiwa ni elimu? Daktari alisimama akasema jina lake ndilo la kwanza kwenye ripoti hiyo na ndilo atakalosimama nalo kwao, na kwamba uchunguzi wake wa kwanza, ule uliowapendeza, ndio aliouchana. Bwana Esmailji naye akaomba ruhusa. Alisema yeye akifiwa hufunga duka siku tatu, na hakuna mtu wa Tanga aliyewahi kumwita mvivu, wakati vitambaa vyake havina hata kimoja kinachomtazama machoni Jumatatu asubuhi.

Mwalimu Ernesti alitaka mambo mawili. Noa arudi na cheti chake. Na mwalimu yeyote anayezika, kesho yake asiingie darasani. Darasa lishikwe na mwenzake, na jina la mtoto aliyefariki likatwe na Mwalimu Mkuu, lisikatwe na mwalimu wa darasa. Mwenyekiti alisema watalifikiria mwakani. Mwalimu Ernesti akasema sawa, atangoja, akabaki amesimama. Wakaendelea na ajenda nyingine, yeye amesimama. Wakazungumza habari za mabati na madawati, yeye amesimama. Saa ya chakula ikafika, harufu ya pilau ikaingia dirishani, na hakuna mjumbe aliyethubutu kutoka kumpita. Walikubali yote mawili kabla pilau haijapoa.

Noa alirudi Januari 1955. Tangu siku ile hakuna mwalimu wa Jumuiya hii aliyeweka chaki chini akaondoka. Tulilodai na tusilopata ni mwalimu wa pili kwa madarasa makubwa, na Kamati ya sasa ijue kwamba bado tunadai. Daktari alikwisharudi kwao. Ripoti yake ina majina yetu sote chini ya lake, kama alivyoahidi kwenye marobota.

Wasifu huu ungeishia hapa, na Mhariri angefurahi. Lakini Oktoba iliyopita nilikwenda kwa Mwalimu Ernesti kudai kofia yake. Mstaafu Mngoni lazima aache kitu kwa mtani, na kofia ile nimeitamani miaka kumi na miwili. Nikaichukua msumarini, nikaivaa, na kwa mzaha nikamwambia tulipe deni la zamani: lile swali la nne, Mngoni, uliliruka kama mwizi. Umemzika nani?

Mama alikuwa akimenya mihogo. Kisu kikasimama.

Mwalimu Ernesti akasema, Kristina.

Alikufa kwa homa Agosti 1941, akiwa na miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la baba yake. Padri alikuwa mbali. Alimsomea sala mwenyewe na kumzika mwenyewe, nyuma ya kambi. Na kesho yake? Kesho yake, alisema, niligonga kengele. Mikono yake asubuhi ile haikujua kitu kingine. Aliogopa kwamba akimwachia mtu mwingine ile nyundo hatarudi tena shuleni, na tangu hapo kila asubuhi aliogopa hivyohivyo. Walioshuhudia mazishi walikuwa manamba. Mikataba yao iliisha, wakarudi makwao. Sisi tuliokuja baada ya vita tulikuta watu wanaitwa Baba Kristina na Mama Kristina, tukasema binti ameolewa Songea. Hawakutusahihisha. Mama alisema ilimpendeza kusikia mwanawe anasemwa kama mtu aliye hai. Na udongo uliomkubali Mwalimu, akakataa nyumba ya bati kwa ajili yake, ni ule ulio nyuma ya kambi.

Nilivua kofia. Mimi mtani sikuwa na tusi hata moja. Siku ile nilielewa alichokuwa akikitazama nyuma ya nyumba kule Mkwaja. Alisimama mbele ya Kamati mpaka pilau ikaiva, akidai kwa ajili ya Noa na kwa ajili yetu siku moja ambayo yeye hakuna aliyempa.

Kesho yake nilirudi, kama sheria yetu inavyosema, bila mzaha. Niliuliza: uliyosema jana yabaki au yafutwe? Mwalimu Ernesti alimtazama mkewe. Mama Kristina akasema, yabaki, yaandike, watu wajue alikuwepo. Basi nimeyaandika.

Mwalimu, shukrani zetu huzihitaji kwa maneno mengi, maana ungetukatiza uende kugonga kengele. Umetufundishia watoto, umetulindia wenzetu, na umemrudisha Noa, ambaye Kamati imemchagua ashike nafasi yako. Alhamisi tarehe 11 utagonga kwa mara ya mwisho, na tutasimama sote kusikiliza. Ijumaa tarehe 12 shule bado iko wazi, na siku hiyo atagonga Noa. Utaisikia ukiwa nyumbani. Usinyanyuke. Nimekwenda kwa Kamati mwenyewe, nimesimama kama ulivyotufundisha, na wamekubali: Ijumaa hiyo imeandikwa kuwa likizo yako ya kesho yake, iliyochelewa miaka kumi na saba. Nenda na Mama mkakae na Kristina mpaka jua lipande. Tunawaombea usingizi mzito na asubuhi ndefu. Kofia ninayo mimi, na kengele tuachie sisi.

Timotheo Mihayo
Mwalimu wa darasa la tatu, Mwandusi